Bani Lisilo na Joto

"Sadiki ametekwa," sauti ya Mkuu ilisema simuni. "Majambazi wamemfungia kwenye bani mojawapo hapo Usoke, pamoja na baruti yao. Lori linakuja jioni. Likipakia, wanammaliza."

Zamda alikanyaga breki. Land Cruiser ikaserereka topeni, ikasimama.

Ulikuwa msimu wa kukausha tumbaku. Mabani, vile vibanda vya kukaushia majani, yalitapakaa hadi upeo wa macho, na kila moja lilifuka moshi. Angevamia lisilo lenyewe, watekaji wangeshtuka.

Mwaka juzi, pale Kaliua, Sadiki alimbeba Zamda mgongoni, Zamda akiwa na risasi pajani. Zamda hakuwa tayari kumzika.

"Chama chetu kimefunga kipimajoto ndani ya kila bani," alisema Doto, fundi wa chama cha wakulima aliyekuwa akimsubiri kando ya barabara, akimpa flashi. "Vipimo vyote vya msimu vimo humu. Ila mistari ni mamilioni, dada. Utapata wazimu."

Simu ikalia tena.

"Zamda, subiri. Tunakutumia programu ya uchambuzi. Ya kisasa kabisa."

"Ina uzito gani, Mkuu?"

"Gigabaiti kumi na mbili."

Zamda alitazama simu yake. Mtandao ulikuwa unakuja na kupotea.

"Mkuu, huko ni kukodi treni kwenda dukani."

Akakata.

Alifungua kompyuta yake kuukuu ya ThinkPad juu ya boneti. Akaita grep, imchujie mistari ya wiki hii tu. Akaita awk, imchotee namba ya bani na joto lake. Kisha gnuplot, ichore. Vijiprogramu vyepesi, vya bure, visivyohitaji mtandao wala kubembelezwa.

Betri ilikuwa inakata roho. Zamda naye alikuwa anaogopa, tena sana.

Grafu ikatokea.

Zamda alikulia Urambo, akichochea kuni kwenye bani la baba yake. Bani huanza na joto dogo, majani yageuke manjano. Kisha joto hupandishwa taratibu hadi vikonyo vikauke. Mistari yote kwenye grafu ilipanda hivyo.

Isipokuwa mmoja, uliolala chini kabisa.

"Hili halijawashwa?"

Doto aliinama kusoma namba. "Limewashwa! Ni lile pale, karibu na reli. Linafuka tangu juzi."

"Moshi unatoka, joto haliingii," Zamda alisema polepole. "Wameziba bomba la joto. Nani apashe baruti moto? Doto, chukua redio hii, ita polisi wazuie lori."

Alizunguka kwa nyuma, akinyata kwenye matuta. Mlinzi alikuwa ameinamia tanuri, akisukuma kuni. Kitako cha bastola yake ya Glock kikamlaza.

Zamda alipoingia ndani, mwenzake yule mlinzi akaruka, mkono kiunoni.

Baruti kila upande. Risasi haikufaa.

Zamda alirusha gogo la kuni kwa nguvu zake zote. Likampata kifuani. Akamrukia kabla hajavuta pumzi, akamfunga pingu.

Sadiki alikuwa pembeni, kafungwa kamba, midomo imevimba.

"Umejuaje niko humu?"

"Tumbaku yako haikauki," alisema, akimkata kamba.

Redio ya pili, kiunoni mwa Zamda, ikakoroma. "Lori limenaswa, dada!" Ilikuwa sauti ya Doto.

Kisha simu.

"Zamda! Programu imefika nusu. Usiguse chochote!"

Alimtazama Sadiki akijinyoosha, mzima.

"Iacheni ije, Mkuu. Sadiki ataifungua mwenyewe."

Akakata simu, akampa Sadiki bega, wakatembea taratibu kwenda garini.