Dawa ya Nyuma ya Bafu

Jua lilipokuwa likizama, fundi cherehani alichukua sufuria na kuzunguka nyuma ya bafu kuchuma majani. Pale yanapotokea maji ya kuogea, penye tope lisilokauka, ndipo mama mkwe wake alipoipanda dawa wakati mume wa fundi alipoanza kuugua. Dawa hiyo haipendi jua wala maji ya bomba. Inataka maji aliyoogea mgonjwa mwenyewe, na kila mgonjwa awe na shina lake. Mama mkwe aliusisitiza utaratibu huo mpaka akachosha watu.

Mume alikuwa mwashi, mtu wa miraba minne, na dawa haikumsaidia. Alipokufa, maiti ilioshewa bafuni humo humo na maji yakapita njia ile ile. Katika pilikapilika za msiba hakuna aliyekumbuka kuling'oa shina.

Tangu hapo fundi alikuwa kama mtu aliyekalia mguu ukafa ganzi, ila kwake ni mwili mzima. Sindano ilimchoma kidole, akaitazama damu ikichafua gauni la mteja, basi. Hata binti yake alipopata homa hakulia. Mtoto huyo walimwita Pengo, kwa jino la mbele lililogoma kuota. Fundi alijua tu kwamba hana mwingine, na kwamba shina jipya lingechukua muda kushika. La marehemu lilikuwa limenawiri hadi kuziba dirisha la bafu.

Akachuma. Akachemsha. Akamnywesha.

Homa ikashuka.

Kulipokucha mtoto aliketi kitandani, akasafisha koo, akasema, "Bosi, chai iko wapi?"

Bosi... Aliyemwita hivyo alikuwa mmoja tu, akimtania kwa ukali wake, na alikuwa kaburini. Fundi akahisi kitu kinataka kusogea kifuani, kisha kikatulia. Akaleta chai.

Mtoto hakurudi kucheza. Alizunguka nyumba akigonga kuta kwa vidole, akitega sikio, akinung'unika kwamba ukuta huu umejengwa ovyo. Chumba chake kikaanza kunuka saruji mbichi. Fundi alilala mlangoni, macho wazi, akisubiri kuogopa. Hofu haikuja. Mwishowe akamwita mama mkwe.

Bibi huyo alifika jioni na jembe begani. Alisikiliza yote, kisha akaeleza kwamba shina lilikwisha kuuzoea mwili wa mwanawe, nalo lilikuwa limemshika hata baada ya kufa. Aliyemo mizizini hufa na mizizi. Wakilikata, marehemu atapumzika na mtoto atabaki kuwa yeye mwenyewe. Alisema hayo akifuta machozi, maana ilikuwa ni kumzika mwanawe mara ya pili.

Wakazunguka nyuma ya bafu. Fundi akapiga magoti topeni na kuyavuta matawi pembeni ili mkwewe apate pa kupiga.

Bibi akainua jembe.

Kisha sauti. Chini. Ndani ya tope.

"Mama..."

Ilikuwa nyembamba, ikivuja upepo penye pengo.

"Mama, nimelowa."

Fundi akafukua kwa kucha. Akaugusa mzizi.

Ulikuwa wa moto. Moto wa homa.

Ganzi ikamwachia mara moja. Maumivu ya miezi yote yakamjia kwa pamoja, akashindwa hata kupiga kelele. Alipopata pumzi alinong'ona tu.

"Mama, usikate. Pengo yuko humu."

Juu yao, dirishani, majani yakasogezwa kando. Mtoto alikuwa amesimama ndani ya bafu. Hakumwangalia fundi. Alimwangalia bibi.

"Mama," akasema polepole. "Ni mimi. Nimerudi. Kata."

Bibi akaacha kulia. Akamkazia macho mtoto yule kwa muda mrefu, na uso wake ukalainika kama wa mtu aliyefunguliwa mlango baada ya kunyeshewa. Fundi akamshika upindo wa gauni, akamwambia huyu aliye chini ni mjukuu wake, damu yake mwenyewe. Bibi akaunasua upindo wake.

Basi fundi akalala kifudifudi juu ya shina, akalikumbatia na matope yake.

Nyuma yake alimsikia mkwewe akitema mate viganjani, akishika mpini upya.