Asilimia Arobaini na Saba

"Weka saini hapa, habibti, halafu twende tukale."

Rashidi alikuwa ameshaitoa kalamu kifuniko. Saada hakuipokea. Alikuwa amepiga goti mbele ya rundo la mbao, akichomeka pini mbili za kipimo cha unyevu kwenye ubao wa katikati. Namba zilicheza, zikatulia.

"Kumi na mbili nukta nne," alisema.

"Betri imekwisha hiyo."

"Nimeweka mpya leo asubuhi."

"Basi umepata ubao mmoja mkaidi. Humu ndani kuna mbao mia tatu."

"Nimepima ishirini. Zote kaidi."

Rashidi alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri, na alikijua. Alikuwa mhandisi wa mkandarasi, mtoto wa Magomeni, shati lake limenyooka hata katikati ya vumbi la Lusail, Qatar.

"Leo Alhamisi," alisema. "Jumapili mafundi wanapanda. Wote wameshasaini karatasi zao, umebaki wewe. Na kesho baada ya sala mjomba wako anatoa jibu la posa. Wiki hii nataka vitu viwili tu kwako, Saada. Saini, na ndiyo."

"Nipe kwanza kumbukumbu za ghala. Wiki zote sita."

"Huniamini?"

"Nakuamini. Nipe kumbukumbu."

Mbao zile zilitoka Estonia, nchi ya watu milioni moja na laki tatu ambayo nusu yake ni msitu. Zilikuwa za dari la nyumba ya kusomea kwenye bustani mpya ya Lusail, jengo dogo ambalo paa lake lilianzia ardhini na kupanda taratibu mpaka mita tisa. Aliyelibuni ni Kaarel, msanifu wa Tallinn, mji mkuu wa Estonia, na ofisi yake ya Doha ilikuwa na watu wanne tu. Mmoja wao ni Saada, binti wa Mkunazini, Unguja, aliyesomea usanifu wa majengo Chuo Kikuu cha Ardhi.

Kaarel alikuwa amebandika ofisini picha ya makumbusho mapya ya mji wa Tartu, huko kwao. Jengo lile linaanzia pale njia ya zamani ya ndege za kivita za Kisovieti inapoishia, na paa lake linaendelea kupanda kana kwamba njia haijakatika. Pembeni aliweka picha za Tallinn, viwanda vikuukuu vya mawe vilivyobebeshwa nyumba mpya kichwani.

"Kwetu hatufichi kilichokuwepo," alimwambia Saada wiki ya kwanza. "Tunakiacha kionekane, tunajenga juu yake."

Kwa mbao nazo Kaarel alikuwa na sheria zake. Zikae ghalani wiki sita, hewa ikaushwe kwa mashine, unyevu wa hewa usizidi asilimia hamsini, usomwe asubuhi na jioni kila siku. Ubao ulioingia na asilimia kumi na mbili ushuke polepole hadi nane. Ndipo Saada asaini. Ilikuwa karatasi ya kwanza maishani mwake ambayo chini yake palikuwa na jina lake peke yake.

Jioni, kwenye chumba cha kupanga mtaani Al Thumama, alizitandaza kumbukumbu za Rashidi kitandani. Pamela, mwenzake wa chumba, Mkenya wa mapokezi ya hoteli, alikuwa anavua viatu vya kazi.

"Sasa hizi ni barua za mapenzi ama ni nini?"

"Unyevu wa ghala. Soma."

"Arobaini na saba. Arobaini na saba. Arobaini na nane. Arobaini na saba." Pamela aliinua macho. "Wee, hii hewa ina nidhamu kuliko manager wangu."

"Wiki iliyopita kulikuwa na ukungu siku mbili. Nguo zako hazikukauka."

"Hazikukauka kabisa. Nilienda job na sketi mbichi."

"Humu siku hizo ni arobaini na saba."

Saada alirudi nyuma tarehe moja moja mpaka kidole kikasimama. Ijumaa, tarehe tisa Machi 2018. Saa kumi kamili jioni. Asilimia arobaini na saba. Msomaji: Rashidi. Saini yake, ileile yenye mkia mrefu.

"Vipi?" Pamela aliuliza. "Umekuwa baridi ghafla."

"Tarehe tisa saa kumi jioni Rashidi alikuwa Al Wakrah, si ghalani."

"Umejuaje?"

"Nilikuwa mbele yake. Ndiyo siku aliyoniomba anioe."

Pamela aliketi. "Si kuna mtu mwingine hukaa hapo store? Yule mlinzi wako wa zamani. Khalfan."

"Si wangu."

"Nimesema wa zamani."

Khalfan alikuwa kijana wa Tanga, mlinzi wa geti la ghala. Walipendana mwaka mzima. Agosti iliyopita alikwenda likizo akiahidi kuvuka Unguja kumwona mama yake Saada. Hakuvuka. Saada alipomuuliza sababu, alijibu neno moja: nilisahau. Saada alimfungia simu siku hiyohiyo. Miezi mitatu baadaye akatokea Rashidi, mtu aliyekuwa na sababu nzuri ya kila kitu.

Ijumaa saa tano asubuhi Saada alisimama getini.

"Assalaamu alaykum, Bi Saada," alisema Khalfan.

"Waalaykumu salaam. Tangu lini nimekuwa Bi?"

"Tangu Agosti."

"Nataka kuona kitabu cha zamu."

"Andika jina, saa na sababu."

"Khalfan, unanijua."

"Nakujua sana. Andika."

Aliandika. Khalfan alisoma alichoandika, akatazama saa yake, akamsahihishia dakika mbili, ndipo akamsukumia kitabu.

Mwandiko ulikuwa mkubwa, wa kupinda. Saada alisoma akiwa amesimama. Alhamisi, saa kumi na moja jioni: mashine ya kukausha hewa imetolewa, gari la Mhandisi Rashidi. Jumamosi, saa moja asubuhi: imerudishwa. Wiki ya pili, hivyohivyo. Ya tatu. Ya nne. Na pembeni mwa kila mzunguko wa lindo, namba ndogo: hamsini na nane, sitini na tatu, sabini na moja.

"Hizi za pembeni ni nini?"

"Ile saa ya unyevu ya ukutani."

"Nani kakuagiza uisome?"

"Hakuna."

"Sasa?"

Khalfan alikuna shingo. "Ulinifundisha kuisoma. Nilikuona ikipita hamsini unakunja uso. Nikaona bora mtu awe anajua."

"Agosti nilikufungia simu. Hizi ni za Februari na Machi."

"Saa ilikuwa bado ipo ukutani."

Saada aligeuza ukurasa haraka kuliko ilivyohitajika. Tarehe tatu Machi palikuwa na mstari mtupu, na chini yake maneno mawili: Sikusoma. Nililala.

"Umeandika kwamba umelala lindoni?"

"Nilikuwa na zamu mbili mfululizo, lakini nililala. Ningeandika nini?"

"Namba yoyote. Hakuna ambaye angejua."

"Mimi ningejua. Halafu ungekuja siku moja na hicho kipimo chako."

Saada hakucheka, ingawa alikaribia. "Kitabu hiki lazima nimpe Kaarel. Bila hiki ni neno langu dhidi ya la Rashidi. Atakisoma, na msimamizi wako Njenga atakisoma."

"Njenga hasomi, anasaini tu."

"Safari hii atasoma. Utapoteza kazi."

"Inawezekana."

Saada alishika ukurasa wa tarehe tatu kwa ncha za vidole. Mashine ilikuwa imetolewa mara nne, na ushahidi wa siku nyingine ulitosha kabisa. Karatasi moja isingepungukia mtu. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka minane ya kazi Saada kutamani kuondoa kitu kilichotokea kweli.

"Usiuchane," alisema Khalfan kwa upole. "Ukiuchana, kitabu chote kitafanana na karatasi za Rashidi."

Simu ililia. Rashidi.

"Habibti, uko wapi? Mjomba anaingia msikitini muda si mrefu."

"Niko Lusail, ghalani. Tarehe tisa Machi saa kumi jioni ulikuwa wapi?"

"Swali gani hilo? Nilikuwa na wewe Al Wakrah. Tulikula samaki. Ulivaa ushungi wa kijani."

"Saa kumi kamili?"

"Saa kumi kamili nilikuwa natetemeka, natafuta namna ya kukuomba."

"Kumbukumbu zako zinasema saa kumi kamili ulikuwa Lusail unasoma arobaini na saba. Umesaini."

Upande wa pili Saada alisikia mlango wa gari ukifungwa.

"Saada, ile ilikuwa siku yetu. Ulitaka nikuache mezani nikimbilie kusoma saa ya ukutani?"

"Ningekwenda na wewe. Ni mwendo wa dakika arobaini na tano."

"Ungekwenda?"

"Ningefurahi hata. Na mashine?"

"Nina saiti mbili na mashine moja. Nimegawa. Mhandisi yeyote angegawa."

"Angegawa na angesema. Wewe umegawa ukaandika arobaini na saba."

"Utanivunjia kazi na ndoa kwa asilimia nne za maji?"

"Ubao wa milimita mia mbili ukipoteza asilimia nne unapungua milimita mbili. Mbao mia tatu ni sentimita sitini. Dari lingeanza kuachia kabla ya Idi, na jina chini ya karatasi ni langu. Ulijua ni langu, ukaniletea kalamu."

"Nakupenda, Saada. Hilo sikuliandika kwa kubuni."

"Huenda. Sina njia ya kujua tena, na hilo umelifanya wewe."

Alikata. Pale pale getini akampigia mjomba wake Unguja.

"Mjomba, shikamoo. Jibu ni hapana."

"Marahaba. Hapana kabisa, au hapana ya kusubiri?"

"Kabisa."

"Sawa. Ngoja nikaswali, nitawaambia wazee wake vizuri."

Khalfan wakati wote huo alikuwa ameuelekeza uso barabarani. Saada aliposaini kuondoka na kitabu, alimuuliza: "Agosti. Kwa nini hukunitafutia sababu nzuri?"

"Sikuwa nayo. Nilijichanganya siku. Nilipokumbuka, ndege yangu ilikuwa kesho yake. Niliona aibu, nikakwambia hivyohivyo."

"Iliniuma."

"Najua. Iliniuma na mimi."

Jumapili, badala ya mafundi kupanda, Kaarel alikaa na kitabu cha zamu saa nzima, Saada akimtafsiria mstari kwa mstari. Hakuruka hata mmoja. Walipofika tarehe tatu Machi, Kaarel alimsimamisha.

"Ameandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi na namba nyingine zote ni za kweli," alisema Mwestonia, akafunga kitabu. "Wiki tano tena. Mashine ifungwe sakafuni kwa nati."

Mkandarasi alimwondoa Rashidi kwenye mradi. Kampuni ya ulinzi ilimpa Khalfan barua ya onyo na kumhamisha: alinde maegesho ya magari, Al Thumama. Pamela alipomwona kutoka dirishani alishindwa kumaliza chai yake.

"Ati adhabu. Wamempeleka mlangoni kwako."

"Mita mia mbili," alisema Saada.

"Umepima?"

"Nimekadiria."

Alimfungulia simu. Jioni, zamu ikiisha, walikunywa chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, kwenye ukingo wa maegesho, na Saada akamweleza jinsi paa linavyoweza kuanzia ardhini. Tarehe ishirini na tisa Aprili alipima mbao sitini. Wastani, nane nukta moja. Akasaini.

Mei, wiki moja kabla ya Ramadhani, Khalfan alikwenda likizo. Saada alikuwa juu ya jukwaa chini ya dari jipya, akipitisha bamba jembamba la chuma kati ya ubao na ubao kupima nafasi, simu ilipoanza kutikisika.

"Saa 4:10 asubuhi. Nimefika Mkunazini. Mlango umefungwa. Nasubiri barazani."

"Saa 5:02. Bado nasubiri. Jirani ameniuliza nauza nini."

"Saa 5:40. Mama amerudi. Ameniuliza kwa nini mwaka jana sikuja. Nimemwambia nilisahau. Ameingia ndani."

Baada ya hapo ujumbe ulikatika. Saada alipima nafasi kumi na nne bila kuandika hata moja, akalazimika kuzirudia zote. Kisha simu ikalia. Mama.

"Saada, huyu kijana wako nimempa chai, anatoa kidaftari anaandika. Anaandika nini?"

"Saa, mama. Mwache."

"Posa ameleta mwenyewe, na ami yake wa Tanga anafika kesho kwa boti. Nimemuuliza kama nikimkatalia je. Kasema ataandika nimemkatalia."

"Ndivyo atakavyofanya."

"Sasa nimjibu nini?"

Saada alitazama juu. Mbao mia tatu zilikuwa zimekaa kimya, nafasi kati yake zikilingana kutoka ardhini hadi kileleni.

"Mwambie ndiyo," alisema. "Na umwambie aandike saa."

Dakika moja baadaye ujumbe uliingia.

"Saa 6:25 mchana. Ndiyo."