Mluzi Kwenye Wimbo wa Nne

Fundi saa alikutwa amekufa Jumapili asubuhi, kando ya mashine yake ya santuri, na aliyemkuta ni dada yake wa kuzaliwa, kikombe cha chai mkononi. Dada huyo aliishi ghorofani na miguu ilikuwa ikimsumbua. Ngazi zile alizishuka mara moja tu kwa siku, kumpelekea kaka yake chai. Aliusukuma mlango, haukuwa umefungwa kwa ufunguo, akamwona. Chai hakuimwaga. Aliiweka mezani, akaketi, akaanza kumsemesha marehemu kama mtu aliyechelewa tu kuamka, mpaka jirani aliposikia na kuwaita polisi.

Inspekta alifika saa tatu, katika manyunyu yale yasiyokatika wala kuzidi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mchache wa maneno, na siku hiyo alikuwa na mafua yaliyomfanya aichukie dunia yote kwa usawa. Muziki hakuujua. Alisimama katikati ya chumba akatazama kuta: rafu zilizojaa santuri, kuanzia sakafuni hadi darini, madirisha mawili yakiwa yamezibwa ili jua lisizifikie.

"Na watu walikuwa wanakaa humu?" aliuliza.

"Yeye ndiye aliyekaa," alisema Koplo. "Sisi wengine tungeugua."

Mwili ulilala chali. Kona ya meza ya chuma ilikuwa na damu. Hakuna kilichoibiwa, hakuna kilichovunjwa. Mezani palikuwa na kasha jekundu, jipya, lenye harufu ya wino: toleo la kifahari la albamu ambayo kila mtu wa rika la Fundi aliijua, ya ile bendi iliyopiga roki wakati mji mzima ulikuwa bado kwenye dansi. Ndani mlikuwa na santuri tatu, mbili za albamu yenyewe na ya tatu ya mazoezi ya studioni ambayo hayakuwahi kutoka.

Inspekta aliinama kwenye mashine. Taa yake ndogo nyekundu ilikuwa inawaka. Spika zilinguruma kwa mbali. Lakini sahani yake ya kuzungushia haikuwa na santuri, mkono wa sindano ulikuwa umelazwa mahali pake, na kifuniko kimeshushwa. Brashi ya kufutia ilikuwa na unyevu bado.

Alizitoa santuri kwenye kasha, moja moja. Kila moja ilikuwa ndani ya mfuko wa karatasi, na mfuko ndani ya jalada. Ya kwanza, mdomo wa mfuko ulielekea juu. Ya pili vilevile. Ya tatu ulielekea chini. Alivuta majalada kumi na kitu kutoka rafu mbalimbali, juu na chini, ya zamani na ya juzi. Yote, mdomo juu.

"Afande, kesi hii imejimaliza yenyewe," alisema Koplo. "Kuna mpwa wake. Jana jioni waligombana mpaka jirani akasikia. Kijana alisema ataichoma takataka hii yote. Tumempata amelala gereji, viatu vina tope."

"Mvua imenyesha tangu jana. Viatu vyako je?"

Koplo alivitazama viatu vyake.

Dada wa marehemu alikuwa chumba cha nyuma, kanga begani, macho makavu. Inspekta alivuta kiti.

"Pole, mama. Niambie ulichosikia jana."

"Nimeshamwambia huyo kijana wako, na ulimi wangu ndio umemfunga mwanangu." Alikaza kanga. "Waligombana saa kumi na mbili. Mwanangu anataka nihamie chumba cha chini, nisipande ngazi. Kaka anasema santuri zake aziweke wapi. Ugomvi wa kila siku huo. Mwanangu akatoka, akabamiza mlango."

"Halafu?"

"Saa mbili hivi nikasikia mlango tena. Nikajua amerudi kuomba radhi. Kaka akaweka muziki. Nikasikia anacheka. Kisha kitu kikaanguka, puu. Nikasema, mzee keshaangusha kasha. Muziki ukaendelea kidogo, ukazimika."

"Uliendelea baada ya kishindo?"

"Kidogo. Muda wa mtu kupiga mswaki." Hapo machozi yakaja. "Ningeshuka. Miguu hii. Ningeshuka."

Inspekta hakuwa na la kumpa zaidi ya leso yake, nayo ilikuwa ya mafua. Alimpa ya Koplo.

Mpwa alikuwa fundi magari, kijana mnene mwenye vidole vilivyoingia oili hadi ndani ya kucha. Alikaa mahabusu kichwa chini.

"Ulirudi usiku?"

"Sikurudi. Nililala gereji. Hakuna aliyeniona, najua, usijisumbue kuniuliza."

"Ukizigusa santuri za mjomba wako, zinakuwaje?"

Kijana alikunja uso kama anayetaniwa msibani. "Sizigusi. Niligusa moja nikiwa mdogo, nikaikwaruza. Hakunisemesha wiki nzima. Nilimwambia mama, huyu mtu anapenda plastiki kuliko sisi." Aliinua kichwa. "Mama anakula?"

Inspekta alitoka. Nje alimwambia Koplo apeleke chakula nyumbani kule, na asiulize cha nani.

Kilichomkera ni kile kitendo kidogo. Mtu ameanguka, damu inamtoka, na aliyemwangusha anainua sindano, anaifuta santuri kwa brashi, anairudisha kwenye mfuko, mfuko kwenye jalada, jalada kwenye kasha, anashusha na kifuniko. Mwenye hasira hafanyi hivyo. Mwizi hafanyi hivyo. Mpwa mwenye oili vidoleni asingefanya hata kwa bunduki kichwani.

Fundi alikuwa na marafiki wawili tu wa santuri, waliokutana kwake kila Alhamisi. Wa kwanza alikuwa daktari wa meno, na mwavuli wake ulikutwa nyuma ya mlango wa marehemu. Koplo alishaanza kuutazama mwavuli ule kwa matumaini.

"Niliusahau Alhamisi," alisema Daktari, katika sebule yake juu ya kliniki. "Tuligombana, nikatoka nimefura. Alikuwa ameagiza toleo hilo jipya, nakala yake itangulie kufika kabla ya za wengine. Nikamwambia ni upuuzi. Wameiosha sauti mpaka ngoma zinasikika kama sufuria. Kwa nini mtu mwenye chapa ya kwanza ya albamu anunue sura mpya ya kitu kilekile?"

"Na yeye?"

"Akasema anataka santuri ya tatu, ile ya mazoezi. Anataka kusikia walivyokosea." Daktari alitazama dirishani. "Sikumuaga. Miaka yote ile, na siku ya mwisho sikumuaga."

"Jumamosi saa mbili?"

"Nilikuwa na mgonjwa, taya imevimba kama embe. Muulizeni, ingawa bado haongei vizuri."

Inspekta alimwomba amwekee santuri, yoyote, ajue ladha yake. Daktari akavaa glavu nyeupe. Walipomaliza, aliingiza santuri kwenye mfuko wa plastiki na kuuweka nyuma ya jalada, si ndani. "Ndani ya jalada inakwaruzika," alieleza. Inspekta alishukuru, akashuka.

Rafiki wa pili alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo. Nyumba yake ilikuwa safi mno, usafi wa mtu anayeishi peke yake asiye na wa kumchafulia. Ukutani palikuwa na picha ya mkewe, aliyefariki mwaka uliopita.

"Wenzako wanakuita Mluzi," alisema Inspekta.

Mwalimu alitabasamu kidogo, tabasamu lililozoea swali hilo. "Wimbo wa nne wa albamu ile unaishia na mluzi. Jina la aliyeupiga halikuandikwa popote. Ni mimi. Nilikuwa kijana, nafagia studio. Siku hiyo wakataka mtu wa kupiga mluzi." Aligeukia picha. "Mke wangu alinikubali kwa ajili ya mluzi ule. Nilimpigia tena tulipomzika."

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nalala mapema."

"Toleo jipya umelisikia?"

"Bado. Langu linakuja wiki ijayo."

Akamwomba naye amwekee santuri. Ilikuwa ya taratibu, tena nzuri, na kwa muda Inspekta alisahau mafua. Wimbo ulipoisha Mwalimu aliinua sindano, akaifuta santuri kwa brashi yenye maji kidogo, akaitia kwenye mfuko wake, kisha akauzungusha mfuko na kuuingiza kwenye jalada, mdomo ukiwa chini.

"Mbona chini?" aliuliza Inspekta, kama mtu wa kupoteza muda.

"Vumbi linatoka juu, dada. Marehemu alikuwa anageuza juu, eti isiteleze ikaanguka. Tumebishana miaka ishirini, hakuna aliyekubali."

Inspekta aliaga. Kwenye gari Koplo alimuuliza kama anaumwa. Alisema ndiyo.

Kabla ya kumwita yeyote alirudi kwenye chumba cha Fundi, akaiweka mwenyewe ile santuri ya tatu, kwa uangalifu kama anayembeba mtoto wa watu. Akasikiliza upande mzima, wimbo wa nne ulipofika akausikiliza mara mbili.

Jumatatu, saa kumi alasiri, aliwakusanya humohumo. Dada wa marehemu aliketi karibu na mlango. Mpwa aliletwa na pingu, na mama yake alipomwona alijaribu kusimama, miguu ikamkatalia. Daktari na Mwalimu walikaa kwenye viti vyao vya Alhamisi. Kiti cha Fundi kilibaki wazi, na hakuna aliyethubutu kukisogeza.

"Nataka tusikilize alichokuwa anasikiliza," alisema Inspekta, na kushusha sindano.

Kwanza zilikuja kelele za studio, kiti kuburuzwa, mtu kukohoa. Kisha gitaa.

"Besi imezidi," alisema Daktari kwa sauti ya chini. Hakuweza kujizuia.

"Si besi, ni chumba. Fundi aliweka spika karibu mno na ukuta," alijibu Mwalimu, naye hakuweza. Kisha wote wawili wakakumbuka walipo, wakainamisha macho.

Wimbo wa nne ukafika mwisho. Mluzi ukaanza, mwembamba, ukipanda. Mahali hapo, kila Alhamisi, Mwalimu alisimama na kupiga mluzi pamoja nao. Daktari alimgeukia akimngoja. Mwalimu hakusimama. Mluzi ukakatika katikati, na kikasikika kicheko cha msichana. Sauti ya mwanamume ikasema, "Wewe binti muuza chai, acha kucheka. Rudia, hii ndiyo tunaichukua." Msichana akacheka tena, akavuta pumzi, akaupiga mluzi wote hadi mwisho, uleule ambao watu waliujua kwa miaka arobaini.

Santuri ilifika mwisho. Sindano ikaanza kukwaruza kwenye mfereji wa katikati, kwa, kwa, kwa. Inspekta hakuigusa. Akakaa tu, mikono mapajani. Daktari alijikuna shingo. Sauti ile iliendelea, na mwishowe Mwalimu akainuka, akainua sindano, akachukua brashi, akaifuta, akaitia kwenye mfuko wake wa karatasi, akauzungusha, akaingiza kwenye jalada. Alipomaliza aliiona mikono yake mwenyewe na kila jicho likiwa juu yake.

Inspekta alifungua jalada, akawaonyesha. "Jumapili niliikuta hivi. Kila kitu humu ndani kinatazama juu, isipokuwa hiki. Uliniambia hujalisikia toleo hili, Mwalimu."

Mwalimu aliketi. Alionekana kuchoka kuliko kuogopa.

"Alinipigia simu," alisema. "Akasema njoo usikie kabla ya Alhamisi, Daktari asijue. Nikaja. Sikuwahi kuvuka geti la studio ile, hata siku moja. Nilimdanganya msichana mmoja kwenye basi, akanipenda, akawa mke wangu. Ningeurudishaje tena uongo ule? Nimemzika nao."

"Fundi alitaka kukuaibisha?"

"Hapana. Alitaka kunisitiri." Mwalimu alifuta uso kwa kiganja. "Lakini alicheka. Yule msichana alipocheka, naye akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Nikamsukuma. Mara moja tu."

"Kwa nini basi hukuivunja santuri? Ungeondoka nayo."

Mwalimu alimtazama kama hajaelewa swali. "Kuivunja?" alisema. "Mimi?"

Ndipo dada wa marehemu alipozungumza, kwa mara ya kwanza tangu waingie.

"Mwalimu. Umekula kwangu miaka yote hii. Niambie kitu kimoja. Ulipokuwa unaifuta hiyo santuri, kaka yangu alikuwa anapumua?"

"Alikuwa anapumua," alisema Mwalimu. "Sindano ilikuwa inakwaruza. Nikasema niitoe kwanza, halafu nikuite. Nilipogeuka, alikuwa amenyamaza."

Mama yule aliinamisha kichwa akakishika kwa mikono miwili, na Daktari, asiyejua pa kuiweka mikono yake, akavua miwani na kuivaa tena. Koplo alimfungua mpwa pingu, akamfunga nazo Mwalimu, akamtoa hadi kwenye gari. Inspekta alibaki nyuma kidogo. Alitaka kusema pole, akaona ni neno dogo mno, akasema hivyohivyo.

Chumba kilibaki na mama na mwanawe. Kijana alimshika mkono kumwinua, wapande.

"Ngoja," alisema mama. Alielekeza kidole kwenye kasha jekundu. "Hiyo ya tatu. Iweke anavyopenda mjomba wako."

Kijana aliitazama mikono yake. Akaenda bombani nyuma ya nyumba, akainawa kwa sabuni, akairudia tena hadi kwenye kucha, akaikausha kwa shati lake. Kisha akarudi, akautoa mfuko kwenye jalada kwa ncha za vidole, akauzungusha, mdomo ukaelekea juu, na akaurudisha taratibu.