Piano ya Marehemu

Piano iliyofungwa kwa kufuli miaka sita haina haki ya kuwa na vibonyezo visivyo na hata chembe ya vumbi. Fundi Sikio aliliona hilo, akalipuuza. Mafundi ndivyo walivyo. Wakishashika spana, hata nyumba iungue hawana habari.

Mjane mwenye nyumba alikuwa anahamia kwa binti yake, akataka kujua piano ya marehemu mumewe itauzika kwa bei gani. Alimfungulia, akaenda jikoni. Mbao zilikuwa nzima, nyundo zimelika kidogo, nyuzi zina kutu ya juujuu tu. Fundi akaondoa ubao wa chini, akaingiza kichwa na tochi ndani, na kwa mazoea, maana miaka ishirini mkewe ndiye aliyekuwa akimbonyezea huku yeye akisikiliza, akasema, "Bonyeza."

Kibonyezo kikabonyezwa.

"Kinachofuata," akasema, na kikafuata, na kingine, na kingine, taratibu, kwa subira ya mtu anayeijua kazi, mpaka harufu ya nguo mbichi zilizolala ndooni ikamjaa puani, na kule jikoni, mbali kabisa, akamsikia mjane akikohoa, huku juu ya kichwa chake vibonyezo vikiendelea kushuka.

Alichomoka na paji la uso limechubuka. Kitini hapakuwa na mtu.

Mjane alikuja, akamtazama, akaelewa. Alimweleza kwa sauti ya chini kwamba wathamini watatu walishakuja, wote wakafanya kazi kimya. Piano ile ina jini, na jini huyo humwandama anayempa kazi. Marehemu alimpa, basi akahamia humu. Mama wa watu aliomba radhi huku akilia, ila alikuwa amepumua kwa kutuliwa mzigo, na hakuficha.

"Siku saba usimsemeshe, baba," alinong'ona. "Hata salamu. Atakwenda zake."

Hilo nalo ni kazi? Tangu mkewe afariki, nyumbani kwake alikuwa akizungumza na nani?

Siku sita alinyamaza. Kila mlo kiti cha pili kilivutwa, harufu ile ikaketi, naye akala ameinamia sahani. Siku ya saba mchana alipakua, akangoja. Kiti hakikuvutwa. Harufu ilikuwa ikirudi nyuma kuelekea mlangoni, polepole, na upweke ukamkaba kuliko woga wote wa wiki ile.

"Wewe," akaita. "Unakwenda wapi na hujala?"