Sauti ya Gurudumu la Nyuma

Gervas wa Kasulo alikuwa mchuuzi wa asali. Madumu yake yakijaa, aliyafunga kwenye keria ya baiskeli, akamuaga mkewe Eustakia, akashika barabara ya Lusahunga, ambako malori husimama na madereva hununua. Safari ilikuwa ndefu. Alilala njiani kwa dada yake, asubuhi akaendelea.

Ukishapita kwa dada yake kuna msitu. Humo barabara inashuka mteremko mrefu. Miti imebana kushoto na kulia, na asubuhi ukungu hulala juu ya lami mpaka mtu haoni mbele wala nyuma.

Ilikuwa asubuhi ya namna hiyo aliposikia kitu nyuma yake.

Ti. Kimya. Ti.

Ilikuwa sauti ndogo, kama ukucha unaogonga sufuria. Aligeuka, hakuona mtu. Aliposimama, sauti ilisimama. Alipoanza kukanyaga, nayo ilianza. Akaongeza mwendo, nayo ikaongeza.

Kilichomtisha zaidi ni kwamba sauti hiyo alishasimuliwa. Rafiki yake Niyonzima, ambaye naye aliuza asali, alimwambia mkewe Agripina kwamba kuna kitu kinamfuata msituni kinagonga taratibu. Haukupita muda, Niyonzima akaokotwa chini ya mteremko uleule, amekufa. Tangu hapo watu walisema mteremko una mwenyewe, na mwenyewe huyo huwagongea anaowataka.

Alipomaliza kuuza asali, Gervas alirudi nyumbani. Eustakia alimwona akifunga rozari kwenye usukani. Alimuuliza kulikoni. Akajibu kwamba ni kwa ajili ya baraka tu.

Safari iliyofuata, sauti ilimwanza kabla hata ya kufika msituni. Tena haikuja peke yake. Chini yake kulikuwa na mlio mwingine mzito, kama mama anayeomboleza ndani ya nyumba iliyofungwa. Gervas alisali huku akikanyaga. Katikati ya mteremko alihisi mtu ameshika baiskeli kwa nyuma na kuivuta kushoto. Wakati huohuo honi ya lori ililia ndani ya ukungu. Alijirusha majanini. Upepo wa lori ulimpiga usoni, kisha pakawa kimya.

Dumu moja lilikuwa limepasuka. Asali ilitambaa juu ya lami. Muda si mrefu nyuki walitokea kwenye ukungu, wengi, wakatua juu yake bila kuvuma. Gervas aliwatazama, akaona kama wamekuja msibani.

Hakupanda tena. Aliikokota baiskeli mpaka alipopata lori lililokubali kumbeba hadi Lusahunga. Pale njia panda kulikuwa na fundi baiskeli aitwaye Teddy, mwanamke aliyerithi karakana ya marehemu mumewe. Gervas alimweleza kwamba anataka kuiuza baiskeli, na mwisho akajikuta amemsimulia yote.

Teddy hakucheka. Aliigeuza baiskeli juu chini, magurudumu yakatazama mbinguni.

"Funga macho, kaka," alisema. "Usifungue mpaka nikwambie."

Alizungusha gurudumu la nyuma. Ti. Ti. Na chini yake ule mlio wa maombolezo. Gervas alitaka kukimbia.

"Ndiyo hiyo," alinong'ona.

"Hiyo ni spoki inayokufa. Fungua macho."

Teddy alibana spoki mbili mbili kwa vidole. Nyingine zilikuwa ngumu, nyingine zilipinda kama nyasi. Mbili zilikuwa zimekatika karibu na habu, yaani kitovu cha gurudumu, zikawa zinagonga nyingine kila gurudumu lilipozunguka. Spoki iliyolegea, alieleza, hupinda na kunyooka njia nzima, kama waya unaoupinda kwa mkono mpaka unakatika. Ikikatika moja, mzigo wake hubebwa na za jirani, nazo hufuata. Mlio wa maombolezo ulitoka kwenye gololi za habu zilizokauka grisi. Na aliyemvuta kushoto ni ringi: ilijikunja ikawa inakwaruza fremu.

Gervas aliinama akaigusa ringi.

"Tulinunua magurudumu haya pamoja mnadani, mimi na Niyonzima," alisema. "Yalikuwa yanang'aa. Mepesi. Naye aliisikia sauti hii."

"Basi aliambiwa kweli," Teddy akasema. "Hakujua tu anayemwambia ni nani."



Teddy alimwonyesha kwamba gurudumu lake lilikuwa na spoki ishirini tu. Hilo ni la mashindano, kwa mtu asiyebeba kitu. Mtu wa safari ndefu na mzigo anahitaji spoki thelathini na sita nyuma, kwa sababu nyuma ndiko uzito unakokaa. Gervas alinyoosha kidole kwenye gurudumu zuri jeusi lililoning'inia ukutani. Teddy alitikisa kichwa. Habu ya lile, alisema, ikiharibika huko njiani hakuna atakayeifungua. Alimpa habu ya kawaida ya chuma, ya gololi unazoweza kutoa, kuosha na kupaka grisi, na ambazo hupatikana karibu kila penye fundi. Kwa ringi alichagua ya alumini yenye kuta mbili, isiyojikunja upesi. Spoki zote ziwe mpya, kwani ya zamani hubeba uchovu wake. Tairi iwe pana kidogo, imeze mashimo.

"Na la mbele?"

"Nitalikaza kwa sasa. Ukijaliwa, tutalibadilisha. Halafu urudi baada ya safari ya kwanza nikukazie tena hili jipya, maana spoki mpya hukaa vizuri zikishabebeshwa mzigo. Na kila siku kabla ya kuondoka, zigonge. Zilizokazwa huimba. Iliyolegea husema kama bati."

Gervas alipita mteremko ule tena na tena. Ukungu ulikuwepo, miti ilikuwepo. Nyuma yake hakusikia kitu.

Lakini moyo haukutulia mpaka alipokwenda kwa Agripina, mjane wa Niyonzima, akamweleza yote. Agripina alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamwongoza nyuma ya nyumba. Baiskeli ya marehemu ilikuwa imegeuzwa juu chini kando ya ukuta, hakuna aliyeigusa tangu mazishi.

"Upepo ukivuma, gurudumu linazunguka lenyewe," Agripina alisema. "Linagonga. Wanangu wamekataa kupita huku. Tulidhani ni yeye."

Fremu ilikuwa nzima. Gervas aliibeba hadi kwa Teddy, akairudisha na magurudumu mawili imara. Nice, binti wa Niyonzima, angeipanda kwenda sekondari.

Kabla hajamkabidhi binti, Agripina aliinua baiskeli kwa nyuma. Alizungusha gurudumu, akainamisha sikio karibu yake. Spoki zilipita, zikapita, bila kugonga, mpaka gurudumu likasimama.

"Amepumzika," alisema, akampa mwanawe usukani.