Mshumaa wa Tiberiu

— Smaranda, usikate simu. Mjomba Vasile naye kajitoa!

— Kajitoa? Jana si kaapa mbele ya mkewe?

— Ghimpu kamfuata nyumbani asubuhi. Kamzaba kofi mbele ya wajukuu, trekta kaondoka nalo. Eti halina taa ya nyuma.

Smaranda alikuwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa, chupa ya dawa ya kikohozi mkononi. Mwenye kikohozi, bibi mmoja wa kijijini, alikuwa amepona ghafla ili asikie vizuri.

— Tiberiu, njoo tuongee.

— Nakuja. Ubatizo ni kesho, Smaranda. Kesho!

Tiberiu alikuwa mpenzi wake wa miaka minne, mwalimu wa hesabu, na sasa mgombea wa umeya wa Salcia Rece. Marehemu baba yake, mtu wa chama cha kikomunisti cha enzi zile, hakumbatiza. Miaka yote minne Smaranda alimbembeleza abatizwe ili wafunge ndoa kanisani. Jibu lilikuwa moja: "Siwezi kumdanganya Mungu nisiyemwamini. Ni kukosa adabu."

Halafu meya aliyepo akabandika karatasi kila nguzo: MTAMPA KIJIJI MPAGANI? Watu waliokuwa wakimwita Tiberiu mwanetu wakaanza kuvuka barabara wakimwona. Basi mpagani akakubali maji. Alichomnyima mpenzi, akawapa wapiga kura. Smaranda alilimeza hilo, likakwama pale pale kifuani.

Ila habatizwi mtu bila msimamizi wa kumshikia mshumaa. Na Mkuu wa polisi Ghimpu, rafiki wa meya, alikuwa anawapitia wasimamizi mmoja mmoja. Wa kwanza kakaa kituoni kwa muda wa saa sita akiulizwa jina la nyanya yake. Wa pili kasafiri. Wa tatu ndiye Vasile.

Kengele ya mlango ikalia. Ghimpu mwenyewe, tumbo mbele.

— Dada Smaranda! Nipe dawa ya kiungulia.

— Umekula nini, afande? Trekta?

Bibi wa kikohozi akacheka, akaangaliwa, akaanza kukohoa tena.

— Nimesikia bwana wako kakosa wa kumshikia mshumaa. Pole. Na kaka yako Sandu hajambo? Sikio moja bado analo, eti?

Smaranda alimpa dawa. Mwaka juzi Sandu aliuliza kwa nini anapigwa faini. Ghimpu akampiga kituoni kwa kitabu kinene, sikio la kushoto likazima. Barua ya malalamiko ilifika kwa meya, na kwa meya ikafia.

Tiberiu aliingia Ghimpu alipotoka. Shati limelowa jasho, na nje kulikuwa na baridi.

— Smaranda, mpenzi, shika wewe.

— Nishike nini?

— Mshumaa! Padri kasema hata mwanamke anaweza. Wewe Ghimpu hajakutisha.

Salcia Rece nzima, hata mtoto wa chekechea, anajua: anayekushikia mshumaa ndiye mzazi wako mbele ya Mungu, na mzazi haolewi na mwanawe. Ndiyo maana Ghimpu hakuhangaika naye. Mwanamke gani angejifanyia hivyo? Asiyejua ni Tiberiu peke yake, aliyelelewa na baba wa chama.

— Ukishinda, ile barua ya Sandu utaipeleka mkoani?

— Siku ya kwanza! Kabla sijakalia kiti.

— Apa.

— Kwa nani? Mimi siamini.

— Apa kwangu.

— Naapa kwako, Smaranda.

— Basi nitashika.

Akambusu. Akambusu tena, harakaharaka, kama mtu anayewahi basi. Smaranda ndiye aliyekawia kumwachia.

Kesho yake, mlangoni mwa kanisa, Padri Sofronie alimvuta pembeni.

— Binti, unajua unachokifanya?

— Najua, baba.

— Na yeye anajua?

— Haamini, baba. Atajuaje?

— Nimwambie?

— Ukimwambia atakataa. Na akikataa, Ghimpu atatuzika sote.

Padri akafuta miwani kwa muda mrefu, akaingia ndani. Tiberiu alimwagiwa maji, akatetemeka. Smaranda alishika mshumaa, nta ikamdondokea kidoleni, hakuutikisa. Wanawake walijipiga ishara ya msalaba, wengine wakageuza nyuso.

Jumapili Tiberiu alishinda kwa tofauti ya kura thelathini na moja. Alhamisi barua ikafika mkoani. Wiki ya pili Ghimpu alivuliwa bastola, mchana kweupe, mbele ya kituo, na Mjomba Vasile akaenda kulichukua trekta lake akipiga honi kijiji kizima.

Jioni hiyo Tiberiu akaja na maua na pete.

— Sasa hakuna kisingizio. Kanisani, kama ulivyotaka.

— Haiwezekani.

— Nimebatizwa!

— Na nani alikushikia mshumaa?

Akamweleza. Alimweleza kama anavyomweleza mgonjwa dawa: polepole, bila kumtazama.

— Tuoane kwa serikali basi! Hiyo ni sheria ya mapadri!

— Wewe ungekuwa unaoa. Mimi ningekuwa nalala na mwanangu.

— Ulinidanganya!

— Nilikunyamazia. Uliniomba, nami nikakupa.

— Basi mimi ni nani kwako?

— Mwanangu. Ingawa umenizidi miaka miwili.

Tiberiu alicheka. Akaiacha pete mezani. Smaranda akamkimbilia nayo getini, akamtilia mfukoni.

Krismasi alirudi, kama watoto wa ubatizo wanavyorudi, na mkate wa kusokotwa chini ya kwapa. Smaranda alimpa ugali, jibini na gongo ya plamu. Waliongea habari za barabara na paa la shule.

Alipoinuka aliinama, akaubusu mkono wake inavyotakiwa. Midomo ikakaa pale muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Smaranda ndiye aliyeutoa mkono, akamwekea kichwani.

— Mungu akukuze, mwanangu.