Hasi Iliyosahauliwa

"Chaki, uko wapi?"

"Barabarani, Mkubwa. Magoti yananiuma."

"Hayo mpelekee daktari. Sikiliza hii."

Redio ya Motorola ilikoroma, kisha ikatoa sauti iliyonaswa. Droni inauzunguka mnara, kilomita tano kutoka kitovu. Itauacha mduara ikifika tatu mashariki, nne kaskazini. Itafuata mstari mguso, unaougusa mduara mahali pamoja tu, hadi barabara kuu, kilomita saba mashariki ya mnara.

Droni ilibeba dawa iliyoibwa wodi ya watoto. Mjukuu wa Chaki alilala kitanda cha sita, akisubiri sindano ya saa kumi. Wanunuzi kutoka nje nao walikuwa na haraka zao.

Sauti ile Chaki aliijua. Ilikuwa ya Kipenyo, mtunza stoo ya dawa hospitalini. Chaki alimfundisha hesabu miaka minne, kabla ujasusi haujamlia mwalimu ujana wote.

"Kompyuta imeshapiga hesabu," Mkubwa alisema. "Mteremko wa nusu kipenyo ni nne juu ya tatu. Mguso unaukata kwa pembe mraba, kwa hiyo geuza namba juu chini, weka hasi. Robo tatu hasi. Kutoka hapo, nne mashariki, tatu kusini. Ni kituo cha mafuta. Vijana wote wako huko."

"Hesabu safi. Mimi naenda machimboni."

"Machimbo si yako kaskazini?"

"Ndiyo. Droni inafuata hesabu ya huyu bwana, na yeye kugeuza hukumbuka. Hasi huisahau. Atapanda tatu badala ya kushuka."

"Na ukikosea?"

Chaki alizima redio. Akikosea, binti yake, mama wa mtoto yule, atamwangalia kwa macho gani?

Alikanyaga mafuta. Land Cruiser kuukuu ikalalamika, lakini ikaenda.

Saa tisa na nusu, machimboni. Gari moja jeupe, wanunuzi wawili, na Kipenyo, wote wakikodoa macho angani. Droni ikatua miguuni pa Kipenyo.

Chaki akaibuka nyuma ya rundo la kokoto, bastola ya Beretta mkononi.

"Mikono juu. Nimechoka jamani, msinikimbize."

Mnunuzi mmoja akarukia usukani. Risasi moja, tairi likalala. Akashuka mwenyewe.

Chaki aliwafunga pingu wote watatu kwenye gari lao, akawaita vijana.

"Mwalimu," Kipenyo alisema. "Umejuaje ni hapa?"

"Kila mtihani ulisahau hasi. Na kila mtihani nilikuhurumia, nikakupa alama." Roho ilimuuma kusema hivyo. "Kosa lile ni langu pia."

"Basi nihurumie tena."

"Leo hupati."

Aliliweka kasha la dawa kiti cha mbele, akalifunga mkanda, akaondoka kuelekea hospitalini.